Mlo Kamili Ni wa Nani? Historia ya Lishe ya Watoto Nchini Uganda Tangu Miaka ya 1930

Utangulizi

Mwanafunzi yeyote aliyepitia shule ya msingi katika Afrika Mashariki anaweza kutaja makundi matatu ya chakula hata akiamshwa usiku: vyakula vya kujenga mwili, vyakula vya kutia nguvu na vyakula vya kulinda mwili. Baadaye, katika sekondari, makundi hayo hupewa majina ya virutubisho: protini, wanga, mafuta, vitamini na madini, na maji huongezwa mwishoni. Mtihani ukiuliza maana ya mlo kamili, jibu huwa ni orodha hiyo.

Orodha hiyo ni sahihi, lakini haisemi mlo huo ni wa nani. Sahani moja ya matoke na maharage inaweza kumtosha mkulima wa miaka 30, ikampungukia mama mjamzito, na ikamshinda kabisa mtoto wa mwaka mmoja na nusu ambaye tumbo lake ni dogo na meno yake hayajatimia. Insha hii inachunguza jinsi swali la "nani anakula" lilivyosahauliwa na wataalamu wa lishe katika eneo letu kwa miongo kadhaa, na jinsi lilivyorudi kupitia jiko la kawaida pale Mulago, Kampala. Hoja yangu ni kwamba historia ya utapiamlo nchini Uganda si historia ya watu waliokosa kirutubisho kimoja. Ni historia ya mtoto mdogo aliyepimwa kwa kipimo cha watu wote, na ya mama aliyelaumiwa kwa chakula cha wazee wake.

Kupima kabila badala ya mlaji

Serikali za kikoloni zilianza kujali chakula cha Waafrika kwa sababu ya kazi. Mfanyakazi dhaifu hakuzalisha. Hata lugha yetu imehifadhi kumbukumbu hiyo: neno posho, ambalo kwa Kiswahili ni mgao anaopewa mtu aliye kazini au safarini, huku Uganda limekuwa jina la ugali wa mahindi wenyewe.

Mwaka 1931 ilichapishwa ripoti ya John Boyd Orr, mtaalamu wa lishe kutoka Scotland, na John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba nchini Kenya. Walilinganisha Wamaasai, waliokula maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliokula zaidi nafaka, viazi na kunde. Walieleza kwamba mwanamume wa Kimaasai alimzidi mwenzake wa Kikikuyu kwa wastani wa inchi 5 za urefu na ratili 23 za uzito. Ripoti hiyo ilisomwa sana, na Orr mwenyewe akawa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) mwaka 1945.

Ukiisoma leo, unaona tatizo upesi. Kabila zima lilifanywa kuwa mlaji mmoja. Mwanahistoria Cynthia Brantley, aliyeurudia utafiti huo mwaka 1997, alionyesha kwamba vyakula vilitofautiana ndani ya jamii yenyewe, kati ya wanaume na wanawake na kati ya rika na rika. Hata hivyo, wazo lililobaki kwa watawala lilikuwa jepesi: wanaokula vya wanyama wana nguvu, wanaokula vya shambani wamepungukiwa. Kwa wazo hilo, Waganda na matoke yao walikuwa wameshahukumiwa kabla ya kuchunguzwa.

Ugonjwa uliokuwa na majina tayari

Wakati huohuo, upande wa magharibi wa bara, daktari Cicely Williams alikuwa akifanya kazi Gold Coast, ambayo ndiyo Ghana ya leo. Aliona watoto wa kati ya mwaka mmoja na minne waliovimba miguu na uso, nywele zao zikibadilika rangi, ngozi ikichubuka, na wao wenyewe wakiwa wanyonge wasiotaka kucheza. Aliandika habari zao mwaka 1933, na mwaka 1935 akautaja ugonjwa huo kwa jina walilolitumia Waga: kwashiorkor. Kwa Kiswahili tumezoea kuuita kwashakoo, au unyafuzi. Kwa maelezo aliyopewa Williams, jina hilo lilimaanisha ugonjwa anaoupata mtoto aliyeondolewa kwenye nafasi yake mdogo wake anapozaliwa.

Waganda nao walikuwa na jina lao, obwosi. Waliamini kwamba mtoto anayenyonya huugua mama yake anaposhika mimba nyingine. Kwenye Kiswahili tuna kitenzi kubemenda: mtoto hudhoofika wazazi wanapovunja mwiko wa tendo la ndoa kabla hajaacha kunyonya. Maelezo ya sababu yanatofautiana, na hakuna daktari wa leo atakayekubali kwamba mimba yenyewe humtia mtoto sumu. Lakini lugha hizi tatu, zilizo mbalimbali kwa maelfu ya kilomita, zilitazama mahali pamoja. Zote ziliufunga ugonjwa na wakati fulani katika maisha ya mtoto, yaani wakati anapotoka kwenye ziwa. Hakuna hata moja iliyosema kwamba ni ugonjwa wa kabila linalokula chakula kibaya. Kwa maoni yangu, majina hayo yalikuwa yamebeba ujuzi ambao sayansi ilichukua miaka 40 kuufikia.

Mulago na enzi ya protini

Hugh Trowell alifika Uganda mwaka 1935 na kufanya kazi katika Hospitali ya Mulago. Watoto wenye uvimbe walikuwa wengi wodini na wengi walikufa. Mwanzoni Trowell alidhani ni aina ya pelagra, ugonjwa unaotokana na upungufu wa vitamini, akawatibu kwa vitamini. Hawakupona. Daktari wa maiti J. N. P. Davies alipochunguza miili ya waliofariki, alikuta kongosho zao zimesinyaa, na fikra zikaanza kuelekea kwenye protini.

Mwaka 1952, J. F. Brock na Marcel Autret walichapisha ripoti kwa niaba ya FAO na Shirika la Afya Duniani (WHO) baada ya kuzunguka nchi kadhaa za Afrika. Walitangaza kwashakoo kuwa tatizo kubwa na lililoenea sana la lishe barani, na sababu yake kuu kuwa ni ukosefu wa protini. Mwaka 1954 Trowell, Davies na R. F. A. Dean walitoa kitabu kizima kuhusu ugonjwa huo. Dean ndiye aliyeongoza kituo cha Waingereza cha kuchunguza utapiamlo wa watoto pale Mulago.

Ni haki kusema kwamba fundisho la protini liliokoa watoto. Maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta yalipoanza kutumika wodini, watoto waliokuwa wakifa walianza kupona, na hilo si jambo dogo. Lakini ushindi huo ulikuja na hitimisho pana kupita kiasi: kama maziwa yanaponya, basi matoke yanaua. Kwa kuwa katika gramu 100 za matoke mna takriban gramu 1 tu ya protini, ndizi ikawa mshtakiwa. Mama wa Kiganda akaonekana kama mtu asiyejua kulisha.

Tena, uchunguzi wenyewe ulikuwa na gharama kwa jamii. Mwanahistoria Jennifer Tappan, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu utapiamlo nchini Uganda, anaeleza jinsi utoaji wa damu ya watoto ulivyozua hofu, na jinsi baadhi ya wazazi walivyowaondoa watoto wao hospitalini. Hofu hiyo haikutoka hewani. Miaka ya 1945 na 1949 Buganda ilikuwa na ghasia dhidi ya utawala, na hospitali ya serikali haikuwa nje ya siasa hizo.

Dawa iliyozaa tatizo

Mtoto aliyepona kwa maziwa ya unga alirudi nyumbani. Mama alikuwa amejifunza nini? Alikuwa amejifunza kwamba maziwa ya unga ndiyo dawa. Waliokuwa na fedha kidogo mjini walinunua maziwa ya makopo na chupa. Maziwa yakachanganywa na maji mengi ili kopo lidumu, na mara nyingi maji hayo hayakuchemshwa. Watoto wakaanza kuhara. Badala ya mtoto wa miaka miwili aliyevimba, kliniki za miaka ya 1960 zilizidi kupokea watoto wachanga waliokonda mpaka ngozi ikabaki juu ya mifupa.

Derrick Jelliffe, aliyekuwa profesa wa tiba ya watoto Makerere kuanzia mwaka 1959, aliona jambo hili kwa karibu. Baadaye alikuwa miongoni mwa sauti kubwa duniani zilizopinga matangazo ya maziwa ya kopo, na mwaka 1981 WHO ikapitisha kanuni za kimataifa za kudhibiti uuzaji wake. Sehemu ya mapambano hayo, basi, ina mizizi Kampala.

Kuna jambo ambalo huwashangaza wengi. Maziwa ya mama nayo yana takriban gramu 1 tu ya protini katika mililita 100, karibu sawa na matoke. Kama protini kwa gramu ingekuwa ndiyo kipimo pekee, tungesema maziwa ya mama hayafai. Lakini protini yake ni ya ubora wa juu, karibu nusu ya nishati yake hutoka kwenye mafuta, humeng'enywa kwa urahisi, na hubeba kinga dhidi ya maradhi. Ndiyo sababu humtosha mtoto peke yake kwa miezi 6. Kirutubisho hakiwezi kuhukumiwa nje ya chakula kinachokibeba, wala nje ya mwili unaokipokea.

Mwanamugimu na kitobero

Mwaka 1965 kilifunguliwa Mulago kituo kilichoitwa Mwanamugimu. Jina lilitokana na methali ya Kiganda, Mwana mugimu ava ku ngozi. Ngozi hapa ni ile ya kubebea mtoto mgongoni, yaani mbeleko. Maana yake ni kwamba mtoto mwenye afya hutokana na malezi ya mama yake. Ukiilinganisha na lugha ya ripoti za miaka ya 1950, unaona mabadiliko makubwa. Mama aliyekuwa mshtakiwa sasa ndiye mganga.

Kazi ya kituo ilikuwa rahisi kueleza. Mama alikaa na mtoto wake, akapika mwenyewe, kwa vyakula alivyoweza kulima au kununua sokoni, na katika chombo anachokijua. Chakula kikuu kiliitwa kitobero, yaani mchanganyiko. Ndizi au viazi viliunganishwa na maharage au karanga, au samaki wakavu, nyama au yai pale vilipopatikana, pamoja na mboga za majani. Mchanganyiko huo ulifungwa katika jani la mgomba, ukawekwa juu ya matoke ya familia, ukaiva kwa mvuke uleule, kisha ukapondwa. Hapakuhitajika moto wa pili wala kopo la dukani. Mama hakuambiwa aache matoke. Alionyeshwa jinsi ya kumtengea mtoto fungu lake ndani ya chungu hichohicho.

Hapa ndipo hesabu inapotusaidia kuelewa. Mtoto wa kilo 10 anahitaji takriban kalori 80 kwa kila kilo kwa siku, ambayo ni kama mara mbili ya mahitaji ya mtu mzima kwa kilo. Jumla ni kalori 800 hivi. Akila matoke matupu, itambidi ale karibu gramu 700 kwa siku, ilhali tumbo lake hubeba takriban gramu 300 tu kwa mlo mmoja. Akipewa milo miwili kama watu wazima, hafikishi. Hata akifikisha, atapata kama gramu 7 za protini, wakati anahitaji karibu 11. Ongeza kiganja cha karanga, ambazo robo ya uzito wake ni protini na karibu nusu ni mafuta, na hesabu inabadilika. Protini inapanda, na nishati inaingia katika tumbo dogo bila kulijaza. Kitobero kilitibu upungufu wa vyote viwili kwa pamoja.

Zipo pia desturi zilizohitaji kujadiliwa. Kwa kawaida ya zamani, mwanamke wa Kiganda hakula kuku, mayai wala nyama ya kondoo. Mjamzito anahitaji madini ya chuma na protini kuliko mwanamume aliye kando yake, lakini mezani yeye ndiye aliyewekewa miiko mingi zaidi. Hapa siwezi kuitetea desturi. Ujuzi wa wenyeji ulikuwa na nguvu katika kutambua wakati wa hatari wa mtoto, na ulikuwa na udhaifu katika kugawa vyakula vizuri. Mwanahistoria anapaswa kusema yote mawili.

Chakula kilekile, mwili mwingine

Maisha ya Trowell yanatupa ushahidi mwingine. Alipokuwa Mulago aliona pia magonjwa ambayo hayakuwapo. Ugonjwa wa mishipa ya moyo, uliokuwa wa kawaida Uingereza, ulikuwa adimu mno kwa Waafrika, hata mwaka 1956 yeye na S. A. Singh waliona inafaa kuandika makala kuhusu mgonjwa mmoja tu. Baada ya kurudi Uingereza alishirikiana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji ambaye naye alifanya kazi Mulago. Mwaka 1975 walitoa kitabu wakidai kwamba magonjwa mengi ya nchi tajiri yanatokana na vyakula vilivyokobolewa na kupungukiwa nyuzinyuzi.

Tuweke mambo haya mawili pamoja. Vyakula vya shambani vya Uganda, vyenye wingi wa wanga na nyuzinyuzi, vililaumiwa miaka ya 1950 kwa sababu havikumfaa mtoto mchanga. Miaka ya 1970 vilisifiwa kwa sababu vilimlinda mtu mzima. Daktari alikuwa yuleyule na ndizi ni ileile. Kilichobadilika ni mlaji aliyekuwa akitazamwa. Wingi uleule wa chakula unaomshibisha mtu mzima kabla hajala mafuta kupita kiasi ndio unaomshibisha mtoto kabla hajapata nishati ya kumtosha.

Fundisho la protini linaanguka

Kimataifa, mambo yaligeuka ghafla. Mwaka 1968 Umoja wa Mataifa ulikuwa bado unaonya kuhusu janga la protini linalokuja. Mwaka 1973 kamati ya FAO na WHO ilishusha viwango vya protini vinavyohitajika kwa watoto wadogo, na kwa viwango hivyo vipya sehemu kubwa ya pengo la protini duniani ilitoweka kwenye karatasi. Mwaka uliofuata Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet kwamba kampeni nzima ilikuwa fedheha. Wengi waliokosa protini, ilisemekana sasa, walikosa chakula kwa ujumla.

Hata hivyo, nalo hilo halikuwa neno la mwisho. Leo mtoto mwenye kwashakoo akifikishwa hospitalini huanzishiwa maziwa maalumu yanayoitwa F-75, yenye protini kidogo tu, kwa sababu mwili uliodhoofika hauwezi kuimudu protini nyingi siku za kwanza. Akipata nafuu ndipo huongezewa. Mahitaji ya mtoto mmoja hutofautiana hata ndani ya wiki moja. Mwaka 2013 watafiti waliochunguza mapacha nchini Malawi walieleza kwamba pacha mmoja anaweza kupata kwashakoo na mwenzake asipate, ingawa wanalelewa nyumba moja, na kwamba vijidudu vya utumbo vina sehemu yake. Chanzo kamili cha uvimbe bado kinajadiliwa. Tofauti ya walaji imeingia hadi ndani ya tumbo.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba swali "watu hawa wanakosa nini?" liliwapotosha wataalamu wakubwa, wakati swali "huyu ni nani, ana umri gani, na anakula kutoka chungu cha nani?" liliokoa watoto kwa jani la mgomba na kiganja cha karanga. Ripoti ya mwaka 1931 ilipima kabila. Ile ya mwaka 1952 ilipima protini. Mwanamugimu ilimtazama mtoto pamoja na mama yake.

Jambo hili si la kumbukumbu tu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 29 ya watoto wa Uganda walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Wengi wao hawako katika nchi yenye njaa. Wako katika nyumba zenye migomba uani, na chungu hutengwa mara mbili kwa siku kwa wote. Sisi tunaosomea ualimu tutakwenda kuwafundisha wadogo zao yale makundi matatu ya chakula. Tuyafundishe, lakini tusiliache duara ubaoni likiwa tupu. Tumuulize mwanafunzi: katika nyumba yenu, nani anakula kwanza, nani anakula mara ngapi, na mtoto aliyelikizwa mwezi uliopita anatengewa nini? Jibu la maswali hayo ndilo litakaloonyesha kama mlo huo ni kamili.